Kubadilisha sonda ya oksijeni ya gari kwa mikono yako mwenyewe, hapa Goma

Taa ya njano yenye umbo la injini ilipowaka mara ya kwanza kwenye gari langu, Toyota ya mwaka 2003 inayotumia esansi, yaani petroli, fundi niliyempelekea aliunganisha kifaa chake, akasoma msimbo P0135, na kabla hata ya kufungua boneti akaniambia kwamba sonda zote mbili za oksijeni zimekufa na kwamba nitafute dola 180. Kilichokuwa kimeungua ni fyuzi moja ndogo. Mwaka uliofuata sonda ya mbele ilikufa kweli, na hiyo niliibadilisha mwenyewe uani kwangu, nikalipa bei ya kipuri peke yake. Kutokana na visa hivyo viwili nimeamini kwamba anayetaka kuokoa fedha katika jambo hili huziokoa zaidi wakati wa kupima kuliko wakati wa kufungua, na ndiyo sababu nitakaa kwenye kupima kwa muda mrefu kuliko msomaji anavyoweza kutarajia.

Sonda ya oksijeni, ambayo mafundi wetu wanaiita sonda lambda kwa kufuata Kifaransa, ni kipande cha chuma kinachokaribia urefu wa kidole, kilichokazwa ndani ya bomba la moshi. Ndani yake mna kauri ya zirkonia ambayo upande mmoja huguswa na moshi na upande wa pili na hewa ya nje, na tofauti ya oksijeni kati ya pande hizo mbili huzaa umeme mdogo: karibu volti 0.9 esansi inapozidi, na karibu volti 0.1 hewa inapozidi. Kompyuta ya gari husoma umeme huo, kisha huongeza au kupunguza esansi ili mchanganyiko ubaki karibu na gramu 14.7 za hewa kwa kila gramu 1 ya esansi. Kampuni ya Bosch ndiyo iliyoiunda, na Volvo ikaanza kuuza magari yenye sonda hiyo mwaka 1976. Kwa kuwa kauri haifanyi kazi kabla ya kufikia joto la nyuzi 300 hivi, sonda za kisasa zimewekewa hita ndani yake, na mara nyingi hita hiyo hufa kabla ya kauri yenyewe. Sonda ikinyamaza, kompyuta hurudia makadirio ya kiwandani, na makadirio hayo kwa kawaida huelemea upande wa kuzidisha esansi. Mwenye gari huliona jambo hilo kwenye pampu kabla ya kuliona kwenye moshi.

Wahenga walisema mjumbe hauawi, nasi kwenye garaji zetu tunamuua mjumbe kila siku. Msimbo unaotaja sonda hausemi kwamba sonda imeharibika. Unasema kwamba habari inayotoka kwenye sonda haiiridhishi kompyuta. P0135 na P0141 zinahusu umeme wa hita, ya kwanza kwa sonda ya mbele, ya pili kwa sonda ya nyuma, na hapo fyuzi na nyaya hupimwa kwanza. P0133 inasema sonda ya mbele inachelewa kujibu, na hii ndiyo inayoelekea zaidi kumaanisha sonda iliyochoka. P0171 inasema hewa imezidi, jambo ambalo linaweza kuletwa na mpira uliopasuka kwenye njia ya hewa au pampu ya esansi iliyodhoofika, huku sonda ikisema kweli tupu. P0420 inahusu katalizeri, yaani chombo cha kusafishia moshi kilicho kati ya sonda ya mbele na ya nyuma, na kwa kuwa si magari machache yanayotufikia hapa yakiwa yamekwisha kukatwa katalizeri na kuungwa bomba tupu mahali pake, kubadilisha sonda ili kuizima P0420 kwenye gari la namna hiyo ni kutupa dola ziwani.

Kuna sababu moja inayotuhusu sisi wa Goma kuliko watu wa miji yenye lami. Barabara zetu nyingi za mitaa zimelala juu ya mawe ya volkano ya Nyiragongo, na mawe hayo hugonga na kutikisa bomba la moshi hadi viungo na gasketi zake zinafunguka. Ufa mdogo ulio kabla ya sonda huvuta hewa ya nje kati ya msukumo mmoja wa moshi na mwingine, sonda ikaiona oksijeni hiyo, kompyuta ikaongeza esansi isiyohitajika. Kwa hiyo washa injini asubuhi ikiwa baridi, usikilize kama kuna mlio wa tik-tik karibu na kichwa cha injini, kisha uangalie kila kiungo kama kina doa jeusi la masizi. Ukikuta ufa, peleka gari kwa mchomeleaji kwanza na usinunue chochote.

Kifaa cha kusomea misimbo si ghali. Kile kidogo kinachochomekwa chini ya usukani na kuongea na simu kwa Bluetooth, kinachojulikana kama ELM327, kinatosha kwa magari mengi, ingawa baadhi ya magari ya zamani yaliyotengenezwa kwa soko la Japani hayakijibu hata kama soketi yake inafanana. Pamoja nacho uwe na multimeta, yaani kipimo cha umeme.

Sonda ya kawaida yenye nyaya nne ina nyaya mbili za rangi moja, aghalabu nyeupe au nyeusi, na hizo ndizo za hita. Funguo ikiwa imezimwa, chomoa kiunganishi cha sonda, weka multimeta kwenye omu, upime kati ya nyaya hizo mbili upande wa sonda. Ukipata omu chache, pengine kumi na kitu kwa sonda za aina ya zamani, hita ni nzima. Ukikuta hakuna mawasiliano kabisa, hita imekatika na hakuna dawa isipokuwa sonda mpya. Hita ikiwa nzima, rudi kwenye fyuzi, kisha uwashe injini na upime kama volti 12 zinafika kwenye waya wa kuleta umeme katika kiunganishi cha upande wa gari. Baada ya hapo rudisha kiunganishi, acha injini ipate joto kamili, na utazame volti za sonda ya mbele kwenye simu: kwa sonda ya kawaida lazima zipande na kushuka kati ya 0.1 na 0.9 mara kadhaa katika kila sekunde kumi. Ukikanyaga esansi ghafla zipande upesi, ukiachia zishuke upesi. Zikibaki mahali pamoja, au zikijikokota, nawe umekwisha kuthibitisha kwamba hakuna ufa, basi sonda imechoka. Sonda ya nyuma ni kinyume chake, kwa maana inatakiwa itulie, na ikitulia msiihukumu kuwa imekufa.

Ukifika kwenye kununua, jihadhari na jambo ambalo limewagharimu wengi. Toyota nyingi za tangu miaka ya 2000 hazina sonda ya kawaida mbele, bali zina sonda ya uwiano wa hewa na esansi, ambayo inafanana nayo kwa umbo na hata kwa nyaya nne, lakini inafanya kazi kwa namna nyingine, na kipimo cha volti nilichokieleza hapo juu hakiifai. Moja haiwezi kuwekwa mahali pa nyingine. Namba ya kipuri ndiyo inayozitofautisha: kwa Toyota, sonda ya kawaida huanza na 89465, na ile ya uwiano huanza na 89467. Fungua ile ya zamani kwanza au isome kwa kioo na tochi, andika namba yote, ndipo uende kwenye maduka ya Birere. Muuzaji akikuambia, «Papa, hii inaingia gari zote», mshukuru na uende duka jingine. Usinunue sonda ya okazio hata ikiwa na bei ya kuvutia, kwa sababu sonda yenye hita hutarajiwa kudumu kilomita laki moja hivi au zaidi kidogo, na hiyo iliyotolewa kwenye gari lililokufa hujui imekula kilomita ngapi. Linganisha pia maandishi yaliyochorwa kwenye mwili wa sonda na yale ya boksi, maana boksi la Denso au NTK ni rahisi kuliiga kuliko chuma chenyewe.

Sasa kazi. Siku moja kabla, pulizia mafuta ya kulegeza kutu kwenye shina la sonda, na urudie jioni. Siku yenyewe, washa injini dakika tano tu, uizime, na usubiri hadi bomba libaki na uvuguvugu ambao mkono wenye glavu unauvumilia. Chuma chenye uvuguvugu hufunguka kwa urahisi kuliko kilichopoa kabisa, lakini bomba lenye joto la kazi huchoma hadi kwenye nyama. Sonda ya mbele kwenye magari mengi hufikiwa kutoka juu, kwa hiyo hutahitaji kulala chini. Kwa ile ya nyuma utahitaji kriki (jeki) na vigingi vya chuma, na hapa nawasihi ndugu zangu kwa moyo wote: msiegemeze gari kwenye mawe ya volkano. Jiwe letu limejaa matundu ya gesi, linaonekana gumu kwa sababu tunajengea nyumba, lakini likibebeshwa uzito wote kwenye ncha moja linaweza kupasuka ghafla. Kama huna vigingi, tafuta magogo mapana ya mbao ngumu, weka na tairi la akiba chini ya mwili wa gari, au uiache kazi hiyo kwa garaji yenye shimo.

Chomoa kiunganishi kwa kubonyeza kikofia chake, bila kuvuta nyaya. Kle (spana) ya sonda ni ya milimita 22. Kle ya duara iliyofungwa ni bora kuliko iliyo wazi, nayo soketi maalumu yenye mwanya wa kupitishia waya ni bora kuliko zote, kwa sababu haiparuzi kona za sonda. Ukiwa umekwisha kuamua kuitupa sonda ya zamani, unaweza kukata waya wake ili soketi ya kawaida ndefu iingie. Vuta kwa nguvu ya taratibu upande wa kushoto. Ikianza kulegea kisha ikakaza tena, usishindane nayo. Irudishe nusu mzunguko, pulizia mafuta, subiri, uendelee mbele na nyuma hadi itoke. Ukiilazimisha itang'oa hesi za bomba, yaani ile mistari ya mzunguko ambamo skrubu hushika, na hapo kazi ya kle inageuka kuwa kazi ya kuchomelea. Hesi hizo zina kipenyo cha milimita 18 na hatua ya 1.5, kipimo cha kumtajia fundi ikiwa zinahitaji kusafishwa.

Itazame ncha ya ile uliyoitoa kabla ya kuitupa. Masizi meusi makavu yanaonyesha kwamba injini inapewa esansi kupita kiasi. Majivu ya rangi ya kahawia na mabaki ya mafuta yanaonyesha kwamba injini inakula oili. Weupe kama chokaa unaweza kutokana na maji ya rejeta yanayoingia kwenye silinda, au silikoni isiyofaa iliyotumiwa kuzibia gasketi. Sababu hiyo isipotibiwa, itaiua sonda mpya pia. Esansi ya bidoni inayonunuliwa kwa wauzaji wa barabarani, wale tunaowaita Kadhafi, huweza kuwa na uchafu au kuchanganywa, na mimi nimeacha kuinunua isipokuwa nikiwa sina njia.

Sonda mpya ishike kwa mwili wake wala si kwa ncha, na ikikuanguka kwenye sakafu ihesabu kuwa imeharibika, maana kauri hupasuka bila kuonyesha. Nyingi huja zimekwisha kupakwa grisi ya kuzuia kukwama kwenye hesi. Kama haikupakwa, weka kidogo kwenye hesi pekee. Kiunganishi usikitie grisi wala mafuta yoyote, kwa kuwa sonda nyingi huvuta hewa yake ya kulinganishia kupitia katikati ya nyaya. Izungushe kwa vidole hadi ikae, kisha uikaze kwa kle kwa nguvu ya niutoni-mita 40 hivi, ambayo kwenye kle ya sentimita 25 ni kama uzito wa kilo 16 ukining'inia kwenye mpini. Pitisha waya njia ile ile ya mwanzo, mbali na bomba, na kwa sonda ya nyuma uufunge juu ili jiwe lisiunase.

Futa msimbo kwa simu, au chomoa terminali hasi ya betri kwa dakika chache, ukijua kwamba redio itasahau stesheni zake. Kisha endesha gari hadi lipate joto, ikiwezekana kwenye barabara ndefu kama ile ya kwenda Sake, na utazame tena simu: marekebisho ya muda mrefu ya esansi, yaani kiasi ambacho kompyuta imezoea kuongeza au kupunguza, yabaki chini ya asilimia 10 juu au chini ya sifuri. Baadaye jaza tangi hadi juu kwenye pampu ile ile uliyozoea, andika kilomita, na ulinganishe litri na zile za mwezi uliotangulia.