Kabla ya kudai waranti ya vepu

Vepu, yaani sigara ya kielektroniki, ikiandika kwamba haioni koili (kile kipande kinachopasha kimiminika moto), usikimbilie kuirudisha. Toa tangi, futa vile vyuma vinavyogusana na koili kwa pamba ya masikio yenye spiriti kidogo, acha vikauke kabisa, kisha jaribu koili mpya. Mara nyingi ni kimiminika tu kimevujia hapo.

Ikigoma bado, rekodi video moja isiyokatwa: namba ya kifaa, unavyokiwasha, hadi maandishi ya hitilafu kwenye skrini. Itume pamoja na picha ya risiti, uokoe siku kadhaa za kuulizwa maswali. Koili kwa kawaida haimo kwenye waranti kwa kuwa huchakaa. Betri ya kuchomoa je? Usiitie kwenye kifurushi kabla ya kuuliza. Ni ya lithiamu, na betri za aina hiyo zina masharti yake ya usafirishaji.