Mambo ya Kuzingatia Kabla Hujaunganisha Zinki na Shaba

Unaunda seli ya galvani, yaani seli inayozalisha umeme kwa mmenyuko wa kemikali. Piga msasa vipande vyote viwili mpaka ving'ae. Zinki iingie kwenye bika (chombo cha kioo) lenye myeyusho wa salfeti ya zinki, shaba kwenye lenye salfeti ya shaba. Ukikosea bika, zinki itavaa ganda la shaba mbele ya macho yako. Daraja la chumvi, linalounganisha bika hizo mbili, ni karatasi ya chujio iliyolowa nitrati ya potasiamu. Likikauka, ayoni (chembe zenye chaji) hazipiti na sindano ya voltimita inarudi sifuri.

Hayo madogo. Sasa alama (chanya na hasi) za elektrodi, yaani vile vipande viwili, maana hapo ndipo nilipoungua.

Nilikuwa kidato cha sita hapa Mwanza. Tulikuwa tumetoka kwenye elektrolisisi, ambako umeme wa nje ndio unaolazimisha mmenyuko, nimekariri kama kasuku: anodi chanya, kathodi hasi. Mtihani wa utimilifu ukaleta seli ya galvani. Nikaona shaba ni chanya, nikaiita anodi, nikaandika eti inatoa elektroni. Hesabu ikanipa volti -1.10, yaani seli isiyofanya kazi, na voltimita mezani inasoma 1.1! Sikushtuka. Nikapiga mstari chini ya jibu, tena kwa rula. Swali zima likaenda na maji.

Aliyenitoa tongotongo ni mjomba, anayechaji betri za taa za wavuvi wa dagaa kule Mwaloni, Kirumba. Akagonga terminali nyekundu kwa spana: "Mpwa wangu, hii ni chanya mchana ikiwa kwenye chaji, na ni chanya usiku ikiwa ziwani. Imeshawahi kuhama?"

Haijahama. Kinachobadilika ni kazi. Taa ikiwaka, terminali ile inapokea elektroni, kwa hiyo ni kathodi. Kwenye chaji inanyang'anywa, inakuwa anodi. Basi usianze na alama; uliza nani anatoa elektroni. Huyo ndiye anodi, kwenye seli yoyote. Kwenye seli yetu ni zinki: Zn → Zn²⁺ + 2e⁻. Ayoni zinaondoka, elektroni zinabaki kwenye kipande cha zinki, ndiyo maana ni hasi. Upande wa pili, Cu²⁺ + 2e⁻ → Cu, shaba inanenepa.

Mengine unayajua. Nawa mikono, salfeti ya shaba ni sumu. Usiimwage kwenye mtaro unaoishia ziwani. Betri ya asidi usiiinamie bila miwani, na inapochajiwa hutoa haidrojeni, kwa hiyo pawe na hewa na pasiwe na moto. Mjomba huchajia nje chini ya turubai, na ukimsogelea na sigara anakufukuza kabla hujamsalimia.