Namna ya Kutumia Waifai Iliyoachwa Wazi na Mtu Usiyemjua

Kazi yangu ni kufunga ruta majumbani na katika ofisi ndogo za Dar es Salaam. Mteja akinilalamikia kwamba kifurushi chake kinaisha kabla ya wakati, jambo la kwanza ninalofanya ni kufungua ukurasa wa ruta na kutazama orodha ya vifaa vilivyounganishwa. Katika jengo moja la ghorofa huko Kinondoni niliikuta kwenye orodha hiyo kompyuta iliyojitambulisha kwa majina mawili kamili ya mwenyewe. Mteja wangu aliyasoma, akayatambua papo hapo: ni ya mpangaji wa ghorofa ya juu ambaye hawakuwahi hata kusalimiana. Ruta haikuwa na neno la siri, kwa hiyo mpangaji yule hakuvunja kitu. Ila hakubisha hodi, na jina lake sasa lilikuwa limeanikwa mbele ya watu wawili asiowajua.

Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili ya mtu kama yeye, na pia kwa ajili ya mwenye ruta.

Hatua ya 1: Tafuta mwenyewe, uombe

Waifai ya mgahawa au ya maktaba imewekwa wazi kwa makusudi, na jina lake mara nyingi limebandikwa ukutani. Ya nyumbani ni jambo jingine. Ukiona mtandao usio na kufuli wenye jina la kiwandani, yaani chapa ya ruta ikifuatwa na tarakimu, elewa kwamba huenda mwenyewe aliitoa kwenye boksi, akaichomeka, na hajui kuwa iko wazi. Huyo hajakukaribisha. Maneno machache yanatosha: "Habari za saa hizi, samahani, nimeishiwa bando, naomba kutumia waifai yako dakika kumi nitume barua pepe." Akikataa, shukuru uondoke. Tanzania ina Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 na Kenya ina yake ya mwaka 2018, na zote mbili zinakataza kuingia kwenye mfumo wa kompyuta wa mtu bila idhini. Sioni busara ya kwenda kubishana na polisi kama ruta iliyo wazi ni idhini au si idhini.

Akikubali, mwombe akuonyeshe jina la mtandao wake kwenye simu yake, kwa sababu mtu yeyote mwenye simu anaweza kurusha mtandao wenye jina lolote analotaka.

Hatua ya 2: Andaa kifaa chako kabla ya kuunganisha

Badilisha kwanza jina la kifaa. Kompyuta mpakato nyingi hulitaja jina lake kwa ruta mara tu zinapounganishwa, na hivyo ndivyo mpangaji wa Kinondoni alivyojulikana. Kisha hakikisha simu inatumia anwani ya waifai ya kubuniwa badala ya ile ya kudumu iliyotoka nayo kiwandani; simu za Android kuanzia toleo la 10 na iPhone kuanzia iOS 14 hufanya hivyo zenyewe, mradi hukuzima. Kwenye Windows, ukiulizwa aina ya mtandao, chagua ule wa hadharani, ili mafaili unayoshiriki na wengine yasionekane.

Baada ya hapo zuia simu isile data kimyakimya, na hapa naomba unisikilize kwa makini, kwani kosa hili nililifanya mimi mwenyewe. Nilikuwa Tanga kikazi, mama mmoja akaniruhusu kutumia waifai ya nyumbani kwake, nikasoma ujumbe mmoja tu na kuiacha simu mezani. Wakati tunakunywa chai, simu ilikuwa inapandisha picha na video za wiki nzima kwenye hifadhi ya mtandaoni. Jioni ile mwanawe alishindwa kufanya kazi yake ya chuo, kwa kuwa kifurushi cha mwezi kilikuwa kimekwisha. Nilikinunua upya, lakini aibu ile ninayo hadi leo. Ruta nyingi za majumbani kwetu zinatumia laini ya simu yenye GB za kuhesabu, kwa hiyo unachotumia ni fedha ya mtu. Kwenye Android ingia katika mipangilio ya mtandao huo na uiambie simu ihesabu data yake kama ya kulipia. Kwenye iPhone washa hali ya kutumia data kidogo. Zima pia upakuaji wa video wa WhatsApp.

Hatua ya 3: Fahamu kinachoonekana na kisichoonekana

Waifai isiyo na neno la siri kwa kawaida hairushi mawimbi yaliyosimbwa, yaani yaliyofichwa kwa msimbo, kwa hiyo aliye karibu mwenye programu ya kunasa anaweza kuyapokea kama wewe. Mwezi Oktoba 2010 Eric Butler alitoa programu ya kivinjari iitwayo Firesheep, iliyomwezesha mtu asiye na utaalamu wowote kuingia katika akaunti ya Facebook ya aliyeketi meza ya pili, kwa kubofya tu. Tangu hapo tovuti nyingi zimehamia HTTPS, njia ya kusimba mawasiliano kati ya kivinjari na tovuti, na leo maandishi unayosoma na maneno ya siri unayoandika husafiri yakiwa yamefungwa. Jina la tovuti, hata hivyo, kwa kawaida bado huonekana. Mwenye ruta hatajua umesoma nini kwenye tovuti ya hospitali, ila anaweza kujua kwamba uliitembelea. VPN, huduma inayopitisha mawasiliano yako yote yakiwa yamesimbwa kwenye kompyuta za kampuni nyingine, humfichia hilo, lakini huyahamishia yote kwa mwenye VPN, kwa hiyo usichukue ya bure usiyojua inaendeshwa na nani.

Kivinjari kikikuonya kwamba cheti cha tovuti hakiaminiki, funga ukurasa. Usibofye kuendelea.

Kwa fedha nina ushauri rahisi: piga *150*00# kwa M-Pesa ya Tanzania, au *334# kwa ya Kenya. Menyu hiyo hupita kwenye mtandao wa simu, haipiti kwenye waifai kabisa.

Hatua ya 4: Tumia kidogo, usiguse kisicho chako

Kila unachofanya hapo kinatoka kwa anwani ya mtandaoni ya mwenye nyumba, na wakija kuuliza wataanzia kwake. Usipakue filamu, usiandike jambo usiloweza kulitetea kwa jina lako. Na usifungue 192.168.1.1, anwani ambayo mara nyingi ndiyo ya ukurasa wa ruta, kujaribu neno la siri la kiwandani, hata kama nia yako ni kumsaidia kuifunga.

Hatua ya 5: Toka, uufute, umwambie

Ukimaliza, iagize simu isahau mtandao huo. Usipofanya hivyo, itajiunga yenyewe na mtandao wowote ulio wazi wenye jina kama hilo, popote pale.

Kisha mwambie mwenyewe kwamba ruta yake iko wazi, na akipenda, kaa naye aifunge kwa mikono yake: achague ulinzi wa waifai uitwao WPA3, au WPA2 kama ruta ni ya zamani, aweke neno la siri, abadilishe neno la siri la ukurasa wa ruta, kisha awashe mtandao wa wageni wenye neno lake la siri. Hilo la wageni aliandike kwenye karatasi, aliweke karibu na mlango.