Watoto wa Nge Wangali Mgongoni: Ushauri kwa Wafugaji wa Malindi

Mfugaji anayefunua sanduku alfajiri na kumkuta nge wake amebeba mgongoni kundi la watoto weupe kama punje za mchele hushikwa na hamu ya kuwagusa, kuwahesabu na kuwaita majirani waje kuwatazama, na hapo ndipo hasara nyingi zinapoanzia. Nge hatagi mayai. Huzaa watoto walio hai, mmoja baada ya mwingine, na katika spishi nyingi jike hukunja miguu yake ya mbele mfano wa kikapu ili awadake kabla hawajapanda mgongoni. Siku hizo, mama akitikiswa, akimulikwa taa mara kwa mara au akishikwa na kiu, huweza kuwala watoto wake mwenyewe. Kwa hiyo yote nitakayoeleza hapa yanasimama juu ya jambo moja, nalo ni kwamba mkono wa mfugaji ukae mbali.

Suala la kibali lisiachwe nyuma. Kenya ina Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013, na anayetaka kufuga nge anapaswa kwanza kufika katika ofisi ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori aulize anachotakiwa kutimiza. Ufugaji wa wadudu kwa utaratibu si jambo geni kwetu, kwani mradi wa Kipepeo pale Gede umekuwa ukifanya kazi na wanavijiji wanaopakana na msitu wa Arabuko-Sokoke tangu mwaka 1993. Ama yule nge mkubwa mweusi wa Afrika Magharibi, Pandinus imperator, ambaye wafugaji wengi duniani humpenda kwa upole wake, biashara yake ya kuvuka mipaka inasimamiwa na mkataba wa kimataifa wa CITES. Nge wa kigeni asiachiliwe msituni kamwe, hata kama mfugaji amechoka naye.

Jike mwenye mimba hujulikana kwa tumbo lililojaa hadi ngozi laini ya ubavuni ikaonekana imetanuka kati ya magamba. Mimba ya nge huchukua miezi mingi, na kwa baadhi ya spishi hupita mwaka, tena jike huweza kuhifadhi mbegu za dume mwilini, kwa hiyo mfugaji asishangae akizaliwa watoto katika sanduku lisilowahi kuingizwa dume. Mara dalili zinapoonekana, jike atengwe peke yake, apewe chakula cha kutosha na maji, kisha aachwe.

Matandiko ya sanduku ndipo mfugaji wa pwani anapobahatika kuliko wenzake wengi, kwa sababu vumbi la makumbi ya nazi, ambalo kwingine hununuliwa, hapa limejaa mashambani. Lakini makumbi yachaguliwe. Yale yaliyofukiwa ufukoni ili yaoze na kutoa usumba wa kusokotea kamba yamekunywa maji ya chumvi na hayafai, kama vile usivyofaa mchanga wa ufukoni, hata uwe mweupe na msafi namna gani. Yachukuliwe makumbi makavu ya shambani, yapondwe, yaoshwe kwa maji baridi yasiyo ya chumvi, yaanikwe, ndipo yatandazwe kwa kina cha kutosha mama kujichimbia, pamoja na kigae au gome la mti la kujifichia chini yake. Kwa nge wa msituni matandiko yawe na unyevu upande mmoja, yaani yakifumbatwa mkononi yashikamane bila kuchuruzika maji. Nge wa nchi kavu huhitaji matandiko makavu zaidi.

Joto la nyuzi 25 hadi 30 linawatosha, na nyumba za Malindi hulipata bila taa wala umeme. Hatari yetu ni joto kuzidi. Wakati wa kaskazi, sanduku lililowekwa chini ya paa la mabati au dirishani penye jua linaweza kuua wote waliomo kwa mchana mmoja, na katika masika hewa ikituama ndani huota ukungu, nao huwadhuru watoto upesi.

Juu ya matundu ya hewa nina la kusisitiza kwa uchungu. Wengi wetu, tukitafuta kitambaa chenye vitundu vidogo, hukata kipande cha chandarua, na vyandarua vinavyogawiwa siku hizi vimetiwa dawa ya kuua wadudu. Niliwahi kupoteza kikopo kizima kwa kosa hilo. Itumike wavu laini wa chuma au kitambaa kipya kilichofuliwa kwa maji matupu. Dawa ya mbu ya kupuliza na ya kuchoma isitumike katika chumba hicho, na majani ya mwarobaini yasiwekwe karibu. Kwa kuwazuia siafu na sisimizi, ambao humshambulia nge aliye dhaifu asiweze kujitetea, meza isimamishwe miguu yake katika makopo yenye maji, kama mama zetu wanavyofanya kwa kabati la chakula.

Watoto walio mgongoni hawali chochote. Wanaishi kwa akiba ya mwilini waliyozaliwa nayo mpaka watakapojivua gamba kwa mara ya kwanza. Kwa spishi nyingi jambo hilo hutokea baada ya wiki moja hadi mbili, na siku chache baadaye huanza kushuka mmoja mmoja. Mtoto akianguka mapema, asogezwe karibu na mama kwa brashi laini, naye atapanda mwenyewe. Wakishashuka wote, kila mmoja apewe kikopo chake, kwa kuwa ndugu hawa hulana. Nge mkubwa mweusi niliyemtaja ni tofauti kidogo, maana watoto wake huweza kukaa na mama kwa muda mrefu zaidi iwapo chakula hakipungui.

Chakula cha kwanza kiwe kidogo kuliko mtoto mwenyewe: nyenje wachanga, au mchwa vibarua, si wale askari wenye taya. Nyenje aliyepondwa kichwa humsaidia mtoto asiyejua bado kukamata. Mabaki yaondolewe asubuhi. Maji yawekwe katika kifuniko kifupi chenye vijiwe, wasije wakazama.

Katika nyumba yenye watoto wa watu, vikopo vifungwe na kuwekwa juu, na kazi yote ifanywe kwa kibano kirefu. Nge mwenye magando membamba na mkia mnene kwa kawaida ana sumu kali zaidi, na hapa nchini wapo wa jenasi ya Parabuthus ambao sifugi wala sishauri mtu kuwafuga nyumbani. Aliyeumwa asichanjwe kwa wembe wala asifungwe kamba. Apelekwe hospitali, na mtoto mdogo apelekwe mara moja. Nge aliyetoroka hutafutwa usiku kwa tochi ya mwanga wa urujuanimno (UV), ambao humfanya ang'ae, ila kichanga ambaye hajajivua gamba hang'ai, na ndiyo sababu mama aliyezaa hafai kufunguliwa ovyo.

Hadi kufikia utu uzima nge hujivua gamba mara tano hadi saba hivi. Akikataa kula na kujificha huku amevimba, chakula kilicho hai kitolewe upesi, kwa sababu nyenje mwenye njaa humtafuna nge aliye laini. Baada ya kujivua aachwe siku mbili au tatu mpaka gamba jipya likakamae na kupata rangi, ndipo apewe tena nyenje mmoja, mdogo, jioni.