Kuongoza msafara wa siku tatu milima ya Rubeho mwezi Novemba: chini kiu, juu mvua

Novemba Dodoma inaungua. Majani yamekwisha, ng'ombe wamekonda, na kila mtu anatazama mawingu upande wa mashariki. Mawingu hayo mara nyingi yamekaa juu ya Rubeho, milima inayopakana na nchi kavu ya Mpwapwa upande mmoja na mabonde ya Kilosa upande mwingine. Anayepandisha watu huko mwezi huu anaongoza safari mbili kwa pamoja: asubuhi watu wanakauka kwenye miombo, jioni wanaloa ukungu msituni. Makosa mengi hutokea kwa sababu kiongozi amejiandaa kwa moja na kuisahau nyingine.

Rubeho ni sehemu ya Tao la Mashariki, ule mlolongo wa milima unaoanzia Taita, Kenya, hadi Udzungwa. Dodoma mjini ni kama mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, na vilele vya Rubeho vinavuka mita 2,000. Kila unapopanda mita 1,000, joto hupungua nyuzi 6 hivi. Juu yake weka upepo: mvumbuzi Mwingereza Richard Burton alipoivuka milima hii mwaka 1857 aliandika jina lake kwa maana ya njia ya upepo. Mtu aliyetoka jasho mchana mzima akifika juu na fulana mbichi, upepo huo unampiga mpaka kwenye mifupa.

Maelezo haya yamepigiwa hesabu ya kundi la watu 8, siku tatu, kulala mara mbili.

Ruhusa na mwenyeji

Uliza kwanza msitu unaoutaka ni wa nani. Misitu ya hifadhi ya serikali kuu iko chini ya TFS, Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania. Mingine ni ya halmashauri au ya kijiji. Kibali kishughulikiwe wiki mbili kabla. Ukifika kijijini, nenda ofisi ya mtendaji, saini kitabu cha wageni, acha orodha ya majina na namba za simu za nyumbani, na taja siku na saa mnayotarajia kushuka. Mwambie pia saa ambayo, msipoonekana, aanze kuwatafuta. Bila saa hiyo, orodha haina kazi.

Mwenyeji wa kuwaongoza achukuliwe kijiji cha mwisho kabla ya msitu. Wa mjini Mpwapwa anaweza kuijua njia, lakini hajui chemchemi ipi bado inatoa maji mwezi huu. Na swali la maji liulizwe vizuri. Ukiuliza "maji yapo?", utajibiwa "yapo", kwa sababu ni kweli, huwa yapo. Uliza: "Mara ya mwisho uliyaona wewe mwenyewe lini, na yalikuwa yanatiririka au yametuama?" Muulize mzee mwingine au mchunga ng'ombe swali hilohilo, mbali na wa kwanza. Majibu yakitofautiana, hesabu kwamba hakuna maji.

Mzigo

Mtu asiyezoea asibebe zaidi ya sehemu moja ya tano ya uzito wake. Mwenye kilo 60, basi kilo 12, maji yakiwemo. Lita moja ni kilo moja, na siku ya kwanza kila mmoja anahitaji lita 4, kwa hiyo zimebaki kilo 8 tu za kila kitu kingine. Pima kwa mizani jioni ya kuamkia safari, mbele ya wote. Mpagazi wa kijijini apangiwe kilo 15 pamoja na vitu vyake mwenyewe, na malipo yake yajulikane kabla hajainua mzigo.

Vitu vizito vikae katikati ya mgongo, karibu na mwili. Vikikaa chini vinakuvuta nyuma, vikikaa juu vinakuyumbisha kwenye mteremko. Mkanda wa kiunoni ukazwe kwanza, wa mabega baadaye. Mabegi mengi ya mitumba ni mazuri, lakini vuta kwa nguvu mshono unaounga mkanda wa bega na begi: ukisikia uzi unalia, mpelekee fundi viatu aupige mara mbili kwa uzi wa nailoni.

Usiliamini begi lolote kwenye mvua. Chukua ile nailoni ya ndani ya mifuko ya kuhifadhia mahindi isiyopitisha hewa, ambayo wauza pembejeo wanayo. Ni nene, inaingia lita 100. Itandaze ndani ya begi, weka nguo na shuka, kamua hewa kwa goti, sokota mdomo, ukunje na uufunge kwa mpira wa baiskeli. Ukipata nailoni hiyo, koti la mvua la begi huhitaji.

Jinzi zibaki nyumbani. Pamba ikiloa inashika maji na baridi, na juu huko haikauki. Kila mtu awe na sweta la poliesta au la sufu, kofia ya baridi, na seti moja kamili ya nguo kavu ambayo haivaliwi isipokuwa ndani ya hema, hata kama asubuhi itabidi kurudia zilizoloa. Sheria hii watu huilalamikia siku ya kwanza. Isimamie.

Chakula

Dodoma ina vyakula vya safari ambavyo duka lolote la wapanda milima lingetamani kuwa navyo, na cha kwanza ni mlenda mkavu uliosagwa. Gramu 250 zinatosha watu 8 kwa milo miwili ya jioni. Chemsha maji lita moja na nusu, tia chumvi na magadi kidogo sana, kiasi cha kushika kwa ncha za vidole viwili. Magadi yakizidi mlenda unakuwa mchungu. Nyunyizia unga wa mlenda huku unakoroga, kwa sababu ukimwaga wote kwa mara moja unafanya mabonge. Ukianza kuvutika, tia karanga za kusaga vikombe viwili, punguza moto, koroga mpaka mafuta ya karanga yaonekane pembeni mwa sufuria. Dakika kumi, mboga iko tayari, na sufuria inayofuata ni ya ugali.

Sembe kilo 3 na nusu, unga wa uji wa ulezi kilo 1, sukari kilo 1 na nusu, dagaa wa kukaanga nusu kilo, karanga za kukaanga kilo 2 za kutafuna njiani. Chapati na viazi vitamu vya kuchemsha viliwe siku ya kwanza, kabla havijaharibika. Kashata zigawiwe kila mtu za kwake, azitunze mfukoni.

Pikeni kwa gesi. Mtungi ulioandikwa kilo 3 una gesi kilo 3; chuma ni uzito mwingine juu yake, kwa hiyo uupime ukiwa umejaa. Moto wa kuni mwezi huu ni hatari: nyasi ni kama karatasi, wakulima nao wanachoma mashamba yao, na cheche moja ikivuka kwenye miombo hakuna watu 8 wanaoweza kuizima. Mkiona moshi upande upepo unakotoka, msipande kuelekea juu, maana moto hupanda mlima haraka kuliko mtu. Ondokeni kwa ubavu, kuelekea eneo lililokwisha kuungua au lenye mawe matupu.

Siku ya kwanza ni ya jua

Hesabu muda hivi: saa moja kwa kila kilomita 3, kisha ongeza saa moja kwa kila mita 400 za kupanda. Kilomita 9 zenye mwinuko wa mita 800 ni saa 3 na saa 2, jumla 5, na saa moja ya mapumziko. Mkianza saa 12 asubuhi mtafika saa 6 mchana, na mwinuko mkali wa miombo mtakuwa mmeumaliza kabla jua halijawa la utosi. Mkianza saa 3 kwa sababu gari lilichelewa, saa zilezile sita zinakuwa nane, maana watu wanapikwa na jua. Gari likichelewa hivyo, laleni kijijini.

Tembeeni dakika 50, pumzikeni 10. Mwendo ni wa yule wa polepole, naye akae wa pili, nyuma ya mwenyeji. Mtu wa mwisho ni mfunga msafara: hampiti mwenzake yeyote, hata anayeingia vichakani kujisaidia. Filimbi kila mmoja ashike shingoni: mpulizo mmoja simama, miwili njoo, mitatu dharura.

Kichwa kikianza kuuma na misuli kukaza, maji matupu hayatoshi, kwa sababu jasho limeondoka na chumvi. Lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari, nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazishwa, na anywe taratibu kivulini.

Jihadharini na upupu pembezoni mwa njia. Maganda yake ya hudhurungi yamekauka sasa na upepo unapeperusha vinyweleo. Ukiguswa usijikune, unavisambaza. Bandika utepe wa gundi na kuubandua mara kadhaa, kisha nawa. Kifutu naye hupenda kujilaza njiani jioni na hatoki akisikia hatua, kwa hiyo kuanzia saa 12 jioni tochi imulike mguuni. Akiuma mtu, usikate wala usifunge kamba. Kiungo kitulizwe kwa gango, mgonjwa abebwe, asitembee, na kuteremka kuanze wakati huohuo.

Ndani ya msitu

Mkivuka ukingo wa msitu kila kitu kinabadilika: ardhi inabonyea, mashina yana kuvumwani, na ukungu unaweza kuziba njia ndani ya robo saa. Hapa ndipo watu hupotea, na hupotea kwenye njia panda. Njia za ng'ombe zina mifereji kadhaa sambamba na huishia majini. Njia ya nguruwe ni safi chini lakini matawi yanakupiga kifuani, kwa sababu aliyeitengeneza ni mfupi. Njia ya watu utaona visiki vilivyokatwa kwa panga kimo cha kiuno. Mkitembea dakika kumi bila kuona alama ya panga, rudini mpaka alama ya mwisho. Msikate kona kuitafuta njia mbele. Ramani ipakuliwe kwenye simu mbili kabla ya kuondoka mjini, na simu moja ibaki imezimwa.

Kuna pia mashimo ya kupasulia mbao ya zamani. Ni ya mstatili, yanaweza kumzidi mtu urefu, na majani yameyafunika. Dalili yake ni sehemu iliyo tambarare kuliko kawaida kando ya kisiki kikubwa. Mkiiona, kila mmoja apige ardhi kwa fimbo kabla ya kuweka mguu.

Asubuhi nendeni kimya kidogo. Mwaka 2005 wanasayansi walimtenga kwale wa misitu hii na mwenzake wa Udzungwa kuwa aina ya peke yake, na anapochakura majani makavu unamsikia kabla hujamwona.

Maji ya kijito msituni yanaonekana safi, lakini ng'ombe huchungwa mpaka juu. Chuja kwa kipande cha khanga kilichokunjwa mara nne, kisha chemsha yatokote dakika moja, au dakika tatu mkiwa juu ya mita 2,000. Mkitumia vidonge, someni pakiti: baadhi ni vya ndoo ya lita 20, usitupie kimoja kwenye chupa. Subirini nusu saa.

Kambi na mvua ya kwanza

Hema lipigwe kabla ya saa 10 jioni. Jua linazama kama saa 12 na nusu, lakini chini ya miti giza linatangulia. Tazameni juu kwanza: tawi kavu au mti uliokufa, ondokeni. Tazameni chini: siafu wakipita, sogeeni hatua 50, msijaribu kuwafukuza. Choo ni shimo la kina cha kiganja kizima, hatua 80 kutoka majini.

Korongo lisilalwe kamwe, hata kama mchanga wake ni mkavu na laini kuliko kitanda. Mvua inaweza kunyesha kilomita nyingi juu yenu bila tone kuwafikia, na maji yakaja na magogo. Tope lililoshuka kutoka Mlima Hanang na kuifunika Katesh tarehe 3 Desemba 2023 lilikuja katika mvua za msimu huuhuu.

Mkiwa kwenye nyasi za mgongo wa mlima na radi ikaanza, hesabu sekunde kati ya mwanga na mngurumo. Zikiwa chini ya 30, shukeni mara moja mpaka kwenye miti mifupi ya kimo kimoja, mkiachana hatua kumi kumi.

Baridi haina kelele. Anayetetemeka bado ana nguvu. Mwogopeni anayejikwaa, anayetafuna maneno, aliyeacha kutetemeka akasema yuko sawa. Mvueni nguo zote zilizoloa, mvisheni zile kavu mlizomlazimisha kuzitunza, mwingizeni kwenye shuka na mtu mwingine mwenye joto, chini yake kuwe na godoro au majani makavu, kwa sababu ardhi inanyonya joto kuliko hewa. Akiwa anaweza kumeza, mpeni uji wa moto wenye sukari nyingi. Konyagi hapana, inafungua mishipa ya ngozi na joto lililobaki linatoka.

Kushuka

Magoti huumia siku ya tatu. Fupisheni hatua, kazeni kamba za viatu juu ya kifundo ili vidole visigonge mbele, na kila mtu awe na fimbo. Ikiwa usiku kumenyesha, dereva asipande kuwafuata. Udongo mwekundu ukiloa gari linateleza kando kwenye kona, ni afadhali mtembee kilomita nne zaidi hadi barabara ya changarawe. Mkifika kijijini hesabuni watu, walipeni wapagazi hapohapo, kisha rudini kwa mtendaji akate majina yenu kwenye orodha, moja moja, kila mtu akiwa amesimama mbele yake.