Saladi baridi ya pweza, ngisi na kome kwa mtindo wa Kiitaliano

Waitaliano huiita insalata di mare. Samaki wake wote unawapata soko la Feri hapa Mtwara, na kome kwa akina mama wanaookota maji yakipwa. Kinachoiharibu ni kutumbukiza vyote kwenye sufuria moja, wakati kila kimoja kina muda wake.

Kwa watu wanne: pweza wa kilo moja, ngisi nusu kilo, kamba nusu kilo, kome hai kilo moja na magamba yao. Pweza husinyaa karibu nusu, usimpunguze. Aliye chini ya nusu kilo mwache; sheria hairuhusu kumvua.

Anza na pweza. Kama hakupondwa vizuri, mgandishe usiku kucha: barafu hupasua nyuzi za nyama, kazi ileile ya kumponda. Ukishamyeyusha, toa macho, mdomo na utumbo, kisha mchemshe kwa moto mdogo dakika 45 hadi 60. Choma kisu pale mnyiri unapoungana na kichwa: kikizama bila kukwama, ameiva. Muache apoe ndani ya supu yake. Ukimtoa angali moto anakauka, na ngozi ya zambarau inabanduka vipandevipande.

Kome wanataka umakini zaidi. Huchuja maji wanamoishi, hivyo wa karibu na mtaro wa maji machafu, au waliookotwa baada ya mvua kubwa, usiwanunue. Waloweke saa mbili kwenye maji safi yenye gramu 35 za chumvi kwa lita ili wateme mchanga. Maji yasiyo na chumvi yatawaua. Aliye wazi, mgonge: asipojifunga, mtupe. Wafunikie kwenye sufuria yenye moto mkali na maji kidogo, dakika nne au tano. Hapa ni kinyume: aliyebaki amefumba ndiye wa kutupa. Mchuzi wao uchuje kwa kitambaa, uhifadhi vijiko viwili.

Kamba, dakika mbili au tatu, wakishageuka rangi epua. Toa maganda na ule uzi mweusi wa mgongoni. Ngisi msafishe, toa kile kijiti kama plastiki, kata pete, chemsha dakika moja na nusu tu. Zikizidi anakuwa mpira, na kumrudisha laini kutahitaji nusu saa nyingine.

Changanya vijiko sita vya mafuta ya zeituni, punje moja ya kitunguu saumu iliyopondwa, pilipili manga na ule mchuzi wa kome. Mimina juu ya pweza, kome, kamba na ngisi wangali vuguvugu, kwa sababu nyama iliyokwisha poa haifyonzi ladha vizuri. Chumvi onja kwanza, mchuzi tayari unayo. Weka seleri iliyokatwa nyembamba na paslei. Ukikosa paslei, giligilani kidogo, ingawa ladha itahama kidogo kutoka Italia. Tui la nazi hapana, lipumzike kwa leo.

Funika, weka kwenye friji saa mbili. Umeme ukikatika, deli lenye barafu ya kutosha linafaa. Juisi ya limau moja na nusu iingie nusu saa kabla ya kula, maana ikikaa mno hukaza kamba na kufifisha kijani. Itoe kwenye friji dakika kumi na tano kabla ya kula, mafuta yaliyoganda yalegee. Iliwe siku hiyohiyo.