Jinsi ya kuomba kibali cha maadili kwa utafiti wa utii: kwa mwanafunzi wa saikolojia nchini Kenya

Anza idarani. Pendekezo likishapitishwa na wasimamizi wako, omba barua ya chuo. Hapo hakuna mengi ya kueleza, ila subira.

Kazi iko hatua ya pili: kamati ya maadili ya utafiti. Chagua iliyoidhinishwa na NACOSTI, yaani Tume ya Taifa ya Sayansi, Teknolojia na Uvumbuzi. Utapeleka pendekezo, dodoso au maelezo ya jaribio lenyewe, fomu ya ridhaa kwa lugha wanayoielewa washiriki, wasifu wako na risiti ya malipo. Usikusanye data hata ya mtu mmoja kabla ya barua yao kutoka.

Ukitaja neno "utii" tu, wanakamati watamkumbuka mwanasaikolojia Mmarekani Stanley Milgram. Mwaka 1961, katika Chuo Kikuu cha Yale, alianza kuwaagiza watu wamtie shoti mtu aliyekuwa chumba cha pili kila alipokosea jibu. Swichi zilikuwa 30, kuanzia volti 15 hadi 450. Shoti zilikuwa za uongo, lakini jasho na mtetemeko wa washiriki vilikuwa vya kweli. Katika matokeo aliyochapisha 1963, wanaume 26 kati ya 40 walifika mwisho. Mwaka uliofuata mwanasaikolojia mwenzake Diana Baumrind alimkosoa kwa jinsi alivyowatendea washiriki.

Kwa hiyo sehemu ya madhara usiijaze kwa "hakuna hatari yoyote". Watairudisha, na haki yao. Onyesha unakatiza wapi. Jerry Burger, aliporudia jaribio hilo na kuchapisha 2009, alikomea volti 150, akawachuja washiriki mapema, akawaambia zaidi ya mara moja kwamba wanaweza kuacha na malipo yao yakabaki yao. Hakuchelewa pia kuwafunulia ukweli baada ya jaribio. Kama nawe utaficha jambo, andika utalificha kwa nini, kwa muda gani, na maneno kamili utakayotumia kulifichua.

Ridhaa ndiyo iliyonitoa jasho mimi. Nilipokuwa nikijaribisha fomu yangu, mama mmoja alichukua kalamu kabla sijamaliza sentensi ya pili. "Niweke sahihi wapi, mwalimu?" Mimi si mwalimu. Alikuwa ameona faili na kitambulisho shingoni, basi. Nilikuwa nikipima utii kwa karatasi iliyopatikana kwa utii! Nikabadilisha utaratibu: kitambulisho kikaingia mkobani, kalamu ikabaki kwangu mpaka mshiriki aeleze kwa maneno yake atafanya nini na akitaka kuacha atasemaje. Nauli nikawa natoa mwanzoni, si mwishoni. Utaratibu huo uandike kwenye ombi neno kwa neno. Kamati yangu iliuliza maswali machache sana baada ya hapo.

Ukipata barua ya kamati, ingia kwenye mfumo wa NACOSTI mtandaoni, ipakie pamoja na pendekezo, lipa, usubiri leseni. Angalia tarehe ya kuisha kwake, kwani kazi ikirefuka utalazimika kuihuisha.

Kabla ya kwenda nyanjani, ripoti kwa Kamishna wa Kaunti na Mkurugenzi wa Elimu wa Kaunti. Kule chini chifu anaweza kukwambia, kwa wema kabisa, "Nitakuitia watu kesho asubuhi." Mshukuru, kisha muombe ruhusa ya kubandika tangazo badala yake, na kwenye ripoti yako kwa kamati ueleze kila mshiriki alifikaje kwako.